Ile Mistari Nyuma ya Kitabu

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea, chukua kitabu chochote kilicho karibu nawe ukigeuze. Pale chini kwenye jalada la nyuma utaona mistari myeusi iliyosimama kama ua wa fito, minene kwa myembamba, na chini yake tarakimu. Wauzaji wa huku kwetu huiita bakodi. Mimi niliitazama mistari hiyo tangu nikiwa shule ya msingi nisiiulize chochote. Nilidhani ni pambo tu. Muhula wa pili mwaka jana ndipo iliponilazimu kuijua, na si mimi peke yangu bali chama kizima.

Wengi wenu mnaifahamu diwani ya chama chetu, ile ya jalada la kijani, iliyotungwa na wanachama wa mwaka 1998. Wakati huo ilitolewa na mchapishaji mdogo wa hapa Nyeri, naye akaipatia ISBN, yaani nambari ya kitabu, yenye tarakimu kumi. Mistari haikuwa nayo. Ya nini, ikiwa iliuzwa hapa shuleni, kwenye vibanda vya stendi, na Karatina siku za soko? Mwaka jana, kwa idhini ya mchapishaji yule, tukakubaliana tuichape tena vile vile ilivyo, nakala 150, ili tupate nauli ya kwenda mashindano ya kukariri mashairi. Safari hii tulitaka iuzwe katika supamaketi moja mjini. Tukaambiwa lazima iwe na bakodi. Tukaiweka. Tukapeleka katoni mbili, tukaandika nambari kwenye stakabadhi ya mzigo, tukatia sahihi, tukarudi tukiimba.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda na Mwalimu kutazama mauzo. Mama mmoja alikuwa ameshika diwani yetu kwenye foleni! Keshia akaipitisha chini ya taa nyekundu. Ikalia mlio mbaya. Akaipitisha tena.

"Hii haimo kwa mashine," akasema.

"Imo, dada. Tuliandikisha juzi," mimi nikadakia.

"Mimi nakwambia vile naona. Ongeeni na meneja, watu wanangoja."

Meneja alikuwa mzee mpole. Alimwamkia Mwalimu, akatutazama, akasema, "Wanangu, sina ubaya na mashairi. Lakini kitu ambacho mashine haikitambui sina njia ya kukiuza. Mkirekebisha, mlete." Yule mama aliacha kitabu pale akachukua unga wake akaenda. Katoni zetu tukazirudisha kwa matatu, tukilipia na nafasi yake.

Kosa lilikuwa wapi? Tulilitafuta siku nne. Ili nawe ulione itabidi tutoke Nyeri kidogo.

NAMBARI KWANZA, MISTARI BAADAYE

Watu hufikiri nambari na mistari vilizaliwa pamoja. Sivyo. Nambari ya kitabu ilitangulia. Mwaka 1965 kampuni ya W. H. Smith ya Uingereza, wauzaji wakubwa wa vitabu, ilikuwa ikipanga kuendesha ghala lake kwa kompyuta. Kompyuta za siku zile hazingeweza kuhangaika na majina marefu ya vitabu na waandishi. Gordon Foster, mtaalamu wa takwimu aliyefundisha Dublin, akabuni nambari ya tarakimu tisa, kila kitabu na yake. Mwaka 1970 mpango huo ukafanywa wa kimataifa, na tarakimu zikawa kumi ili kila nchi au lugha ipate sehemu yake. Kenya tukapewa 9966. Fungua ukurasa wa pili au wa nne wa vitabu vya zamani vilivyochapishwa Nairobi, utaikuta 9966 imekaa mwanzoni. Tanzania ina 9976 na 9987, Uganda ina 9970. Siku hizi Kenya imeongezewa 9914 pia.

Mistari ilitoka upande mwingine kabisa, upande wa vyakula. Tarehe 26 Juni 1974, katika duka moja mjini Troy, Ohio, Marekani, keshia alipitisha pakiti ya chingamu ya Wrigley juu ya mashine, na mashine ikaitambua kwa mistari. Wamarekani walitumia tarakimu 12. Wazungu wa Ulaya walipoanzisha chama chao mwaka 1977 walichagua 13. Chama hicho leo kinaitwa GS1, na kila nchi mwanachama ina tarakimu tatu za mwanzo. Zile za Kenya ni 616. Tazama pakiti za majani ya chai na maziwa jikoni kwenu, utaziona. Ila usidanganyike: 616 haisemi bidhaa ilitengenezwa Kenya. Inasema tu kwamba kampuni iliandikishwa hapa.

Sasa vitabu vingeingiaje katika mpango wa watu wa chai na sabuni? Vitabu tayari vilikuwa na nambari zao, na nchi zao humo ndani. Basi wakubwa wakatafuta ujanja ambao mimi umenifurahisha sana. Walivibunia vitabu nchi yao wenyewe, nchi isiyo na rais, mpaka wala jeshi, wakaipa 978. Kwa hiyo kila kitabu duniani, kiwe cha London au cha Nairobi, mistari yake huanza kama kwamba kimetoka katika nchi hiyo moja. Baada ya 978 ndipo hufuata ile 9966 yetu. Magazeti na majarida nayo yakapewa 977. Jarida kama Wathiomo Mukinyu, ambalo wamisionari wa Consolata walilianzisha hapa Nyeri mwaka 1916, lingehitaji njia hiyo ya 977, si ya vitabu, maana hutoka toleo baada ya toleo kwa jina lile lile.

Hivyo kwa miaka mingi kitabu kimoja kilikuwa na majina mawili: tarakimu kumi kwa watu wa vitabu, na 13 chini ya mistari kwa watu wa duka. Mambo yakaenda hivyo mpaka nambari zilipoanza kuadimika katika baadhi ya nchi na lugha. Ikaamuliwa kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 2007 nambari ya kitabu yenyewe iwe na tarakimu 13, sawasawa na ile ya mistari. Wachapishaji waliojiandaa walianza mapema. Ndiyo maana vitabu vingi vya miaka ya 2005 na 2006 vina nambari mbili kwenye ukurasa wa hakimiliki, moja ya kumi na moja ya 13, moja juu ya nyingine.

Kwa aliyekwisha kuwa na mistari, mistari yenyewe haikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni maandishi, orodha za bei, daftari za maghala, fomu za kuagizia na programu za kompyuta zilizokuwa na nafasi kumi tu. Fikiria mchapishaji mwenye vitabu mia nne katika orodha yake! Lakini kwa mwenye kitabu cha zamani kisicho na mistari, kama diwani yetu, kazi ilikuwa kuigeuza nambari mwenyewe. Hapo ndipo shimo lilipo.

HESABU YENYEWE

Tarakimu ya mwisho ya nambari ya kitabu si sehemu ya jina. Ni askari wa mlangoni. Hutokana na hesabu ya zile zilizotangulia, ili mtu akikosea kuandika, mashine ijue. Nambari halisi ya diwani yetu sitaitumia hapa. Nitumie ya kubuni ili muweze kuifuata vizuri: 9966, halafu 12345.

Kwa mtindo wa zamani, tarakimu ya kwanza huzidishwa kwa 10, ya pili kwa 9, ya tatu kwa 8, hivyo hivyo kushuka mpaka ya tisa ambayo huzidishwa kwa 2. Tunapata 90, 81, 48, 42, 6, 10, 12, 12 na 10. Jumla ni 311. Askari ni ile tarakimu itakayofanya jumla igawanyike kwa 11 bila baki. Kutoka 311, kiwango kinachofuata ni 319, hivyo tunaongeza 8. Nambari kamili ni 9966123458.

Kwa mtindo mpya tunaanza na 978, kisha zile tisa. Tunazidisha kwa 1, kwa 3, kwa 1, kwa 3, hadi mwisho. Tunapata 9, 21, 8, 27, 9, 18, 6, 3, 2, 9, 4 na 15. Jumla ni 131. Safari hii lazima igawanyike kwa 10, hivyo tunaongeza 9 ili tufike 140. Nambari kamili ni 9789966123459.

Umeona? Mwisho ulikuwa 8, sasa ni 9. Hesabu ni nyingine, kigawanyo ni kingine, askari ni mwingine.

Sisi tulifanya nini? Tulichukua nambari ya mwaka 1998, tukabandika 978 mbele, tukaacha mkia vile vile. Tukaipiga chapa hivyo kwenye ukurasa wa hakimiliki na juu ya mistari, na tukaiandika hivyo kwenye stakabadhi ya supamaketi. Karani wao wa ghala akaiingiza kama tulivyoiandika. Lakini mistari haikuchorwa na sisi. Ilichorwa na programu ya yule kijana aliyetutengenezea jalada, nayo programu huchukua tarakimu 12 za kwanza na kupiga hesabu ya mwisho yenyewe. Mistari ilikuwa sahihi! Keshia alipopitisha kitabu, mashine ilisoma nambari ya kweli, ikaitafuta katika orodha, ikakuta nambari yetu ya uongo. Dada yule hakukosea. Kitabu chetu kweli hakikuwamo.

Aliyeligundua ni mwanachama wa Kidato cha Pili ambaye hata hapendi hesabu. Alikuwa akizilinganisha tarakimu za juu ya mistari na zile za chini yake, moja moja kwa kidole, akauliza, "Mbona huku mwisho hazifanani?" Watu kumi na mmoja tulikuwa tumelitazama jalada lile kabla yake.

Nisitutetee, lakini kosa hili lina historia. Tarakimu zilipotoka tisa kwenda kumi, wachapishaji wa Kiingereza walitia 0 mbele ya nambari zao za zamani na mambo yakaisha, maana 0 mara 10 ni 0, jumla haiguswi. Nambari za Marekani za tarakimu 12 nazo zilipoingizwa katika mpango wa 13, ilitiwa 0 mbele na askari akabaki yule yule. Mara mbili watu waliongeza kitu mbele wakalala usingizi. Mara ya tatu kilichoongezwa hakikuwa sifuri, na kanuni yenyewe ilikuwa imebadilishwa.

Jambo jingine liliwasumbua wasomaji wa zamani, nalo ni herufi X. Kwa kuwa mtindo wa kumi ulitumia kigawanyo cha 11, wakati mwingine jibu la askari ni 10, na nafasi ni ya alama moja tu. Basi wakatumia X, ile kumi ya Kirumi. Ukikuta kitabu cha zamani kimeishia na X, mchapaji hakukosea. Mistari ya dukani haina njia ya kuchora X, na mtindo mpya hauihitaji.

Je, mtindo mpya ni bora? Mimi naona tumepoteza kidogo. Chukua ile nambari yetu ya kubuni. Katikati kuna 6 ikifuatwa na 1. Tuseme mtu ameandika kwa haraka akatanguliza 1. Kwa mtindo wa zamani, jumla inakuwa 314, haigawanyiki kwa 11, kosa linakamatwa. Kwa mtindo mpya, jumla inakuwa 150, inagawanyika kwa 10 vizuri kabisa, na kosa linapita mlangoni likipigiwa saluti. Hutokea hivyo kila tarakimu mbili jirani zinapotofautiana kwa tano, kama 2 na 7. Mtindo mpya ulichaguliwa ili vitabu vikae rafu moja na sabuni, na kwa hilo umefaulu. Kwa ulinzi, babu alikuwa mkali zaidi.

MAMBO YA JALADA

Mwanachama mmoja alitaka mistari iwe myekundu ipendezane na kijani. Nashukuru alikataliwa. Mashine nyingi za madukani humulika kwa taa nyekundu, na chini ya taa hiyo wino mwekundu huonekana kama karatasi nyeupe. Mistari yote ingepotea. Nyeusi juu ya nyeupe ndiyo salama. Pia lazima ubaki uwazi mweupe pande zote mbili, ili mashine ijue inapoanza na inapokoma. Ukubwa wa kawaida, pamoja na uwazi huo, ni kama milimita 37 kwa 26, na unaweza kupunguzwa hadi asilimia 80. Chini ya hapo ni kubahatisha.

Na kitabu kikichapwa tena je? Kikiwa vile vile, nambari hubaki ile ile. Kikipanuliwa na kusahihishwa kikawa toleo jipya, hupata nambari mpya. Hata kitabu kimoja chenye jalada gumu na jalada jepesi huhesabiwa kuwa viwili. Kwa Kenya nambari hizi hutolewa na KNLS, shirika la maktaba za taifa. Ile maktaba ya Nyeri mjini mnayokimbilia Jumamosi kwa miaka mingi ilikuwa tawi la shirika hilo hilo. Mistari ya chai na maziwa huombwa GS1, lakini mwenye kitabu akishapata ISBN mistari yake tayari anayo, ni kuichora tu.

Wapo wanaosema mistari ni dawa ya vitabu bandia. Hapana. Anayenakili kitabu kizima hunakili na mistari yake. Mashine italia vizuri tu, kwa kuwa inauliza "hiki ni kitabu gani?" na wala haiulizi "nani alikipiga chapa?"

Kitabu chaweza kuishi bila mistari, hilo nalikubali. Karatina jirani yetu ndiko marehemu Gakaara wa Wanjau alikoendesha uchapishaji wake, akitoa vitabu vya Kikuyu miaka ambayo hakuna keshia huku mlimani aliyekuwa na taa nyekundu. Kitabu chake cha shajara za kizuizini, kilichotolewa na Heinemann mjini Nairobi mwaka 1983, kilishinda Tuzo ya Noma mwaka 1984. Msomaji alimtafuta mwuzaji, mwuzaji alimjua mwandishi. Lakini leo vitabu vya kiada hutoka kwa wachapishaji hadi shuleni kwa mpango wa serikali, tangu mwaka 2018, na maduka ya vitabu ya Nyeri, Nanyuki na Embu yamebaki na hadithi, vitabu vya marudio, Biblia na madaftari. Mtunzi mchanga anayetaka kuonekana itambidi aingie hata pale panapouzwa unga. Na pale hapaingiliki bila tarakimu 13.

Nazo hazitakaa zilivyo. GS1 imejiwekea lengo kwamba kufikia mwisho wa mwaka 2027 mashine za keshia duniani ziweze kusoma na ile michoro ya mraba yenye vidoadoa, ambayo hubeba habari nyingi kuliko mistari. Kwa muda wachapishaji wataweka vyote viwili, kama walivyoweka nambari mbili mwaka 2006. Nambari ndani ya mraba itakuwa ile ile ya 13. Atakayebuni jalada la diwani ijayo aache nafasi.

Sisi tulinunua karatasi za stika, tukachapa nambari sahihi, tukakaa bwaloni Jumamosi nzima. Stika mbili kwa kila nakala, moja nyuma na moja ndani, jumla 300. Tuliandika stakabadhi upya, na safari hii Mwalimu alimwomba karani apitishe kitabu kimoja mbele yetu kabla hatujaondoka. Kikalia mlio mzuri. Nauli tulipata ya watu sita, si ya kumi na wawili kama tulivyopanga, maana mwezi mzima ulikuwa umepita na mashindano yalikuwa yamekaribia.

ZOEZI

Chukua 9966 na 54321. Tafuta tarakimu ya mwisho kwa mtindo wa kumi, kisha kwa mtindo wa 13. Ukipata kumi katika hesabu ya kwanza usifute, soma tena sehemu ya herufi. Majibu yatabandikwa kwenye ubao wa chama, kando ya nakala moja ya diwani ambayo tumeiacha bila stika.